Forester ya turbo: ununue nini kwanza, uache nini, na usimame wapi

Subaru Forester za turbo zilizotoka Japani zimejaa Nairobi, Mombasa, Arusha na Dar es Salaam, na nyingi zilishaguswa na mtu kabla ya kumfikia mwenye gari wa sasa. Mpangilio wa manunuzi ni ule ule karibu kila mahali: egzosti ya kelele, blowofu ya mlio (valvu inayotoa hewa ya turbo unapoachia ekseleta), filta ya koni, rimu kubwa, na pesa ikibaki ndipo breki zinakumbukwa. Injini ikifa, lawama anabebeshwa Subaru. Kwa maoni yangu magari haya yanauawa na mpangilio huo kuliko yanavyouawa na nguvu zenyewe. Vifaa hivyo hivyo, vikifungwa kwa utaratibu mwingine, vinakupa gari lenye kasi, linaloshika barabara na linalodumu.

Anza kwa kujua umeshika ipi. Soma namba ya chesisi. SG5 ni kizazi cha 2002 hadi 2007, na toleo lake la XT lina injini ya EJ205 ya lita 2.0, hosipawa 220. SG9 ya STI ina EJ255 ya lita 2.5, hosipawa 265, giaboksi ya mkono ya gia sita na breki za Brembo. SH5 ya XT, kizazi kilichofuata hadi 2012, bado inatumia EJ205 ila kwa hosipawa 230, na SH9 iliyoandikwa S-Edition ina lita 2.5, hosipawa 263 na automatiki ya gia tano. SJG iliyoanza mwishoni mwa 2012 ni habari nyingine kabisa: injini ya FA20 inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hosipawa 280, na giaboksi ya CVT, automatiki isiyo na hatua za gia. Hapa nitakaa zaidi kwenye SG5 na SH5 kwa sababu ndizo nyingi mtaani. Zingatia kwamba zipo SG5 na SH5 zisizo na turbo, na boneti yenye tundu la hewa hununuliwa na kufungwa kwa saa moja. Usiamini tundu, fungua boneti uione turbo yenyewe.

Mafuta yetu na milima yetu

Ramani iliyomo kwenye kompyuta ya gari, yaani majedwali yanayoamua mafuta, cheche na mgandamizo wa turbo, iliandikwa kwa ajili ya mafuta ya Japani ya daraja la juu, yale wanayoyaita hai-oku. Kiwango cha kule ni oktani 96 kwenda juu, na vituo vingi huuza ya 98 hadi 100. Pampu za kwetu ziko chini ya hapo. Oktani ikipungua, sehemu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta inalipuka yenyewe kabla ya moto wa cheche kuifikia. Hapo ndipo injini inagonga. Pistoni za kiwandani za EJ ni za kumiminwa, zina uso mgumu lakini hazipendi kupigwa. Kinachovunjika mara nyingi ni ule ukingo mwembamba unaotenganisha ringi ya kwanza na ya pili, na kwenye EJ255 mhanga mkuu anajulikana, ni silinda ya 4. Dalili zake ni moshi wa buluu, oili inayopungua bila kuvuja chini, na kompresheni iliyoshuka kwenye silinda moja.

Kompyuta inajitetea. Ikisikia injini ikigonga inarudisha nyuma muda wa cheche, na ina tarakimu moja, IAM, inayoonyesha imani yake kwa mafuta uliyoweka. Kwenye kompyuta za zamani za SG5 tarakimu hiyo ikiwa kamili inasoma 16, na kwenye zile mpya zaidi inasoma 1.0. Ukiikuta imeshuka hadi 10, au 0.6, basi gari limekuwa likigonga na limejipunguzia nguvu lenyewe. Kuongeza busti, yaani mgandamizo wa hewa unaosukumwa na turbo, juu ya hali hiyo ni kununua injini mpya kwa awamu.

Halafu kuna mwinuko. Watu wa bara hufurahi kwamba turbo haisikii milima kama injini ya kawaida, na ni kweli, lakini turbo inalipia. Pwani hewa ina mgandamizo wa karibu bar 1.01. Nairobi ni karibu 0.83, na Mbeya haiko mbali na hapo. Chukua busti ya bar 0.9 kwenye geji. Mombasa turbo inaikandamiza hewa mara 1.9, Nairobi inalazimika kuikandamiza mara 2.1 ili ifikie namba ile ile. Inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka ikiwa moto zaidi, na turbo ndogo ya TD04 iliyomo kwenye SG5 inakaribia ukomo wake. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam akikuambia yeye anakwenda na bar 1.06 bila tatizo, kazi hiyo hiyo kwa turbo ya Nairobi ni karibu bar 0.87. Namba ya busti haisafiri kutoka mji hadi mji.

Pima kabla hujanunua hata boliti

Hapa ndipo pesa ya kwanza iende, na wala si nyingi. Pima kompresheni ya silinda zote nne injini ikiwa na moto, plagi zote zimetolewa, mafuta yamekatwa, na mtu amekanyaga ekseleta hadi mwisho. Usishtuke ukiwa nyanda za juu na geji ikasoma chini ya kitabu, kwa sababu hewa inayoingia ni nyepesi. Linganisha silinda kwa silinda. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10, simama hapo hapo, tafuta sababu. Kwenye boksa, injini ya Subaru yenye silinda zilizolala, kutoa plagi kunachosha, nafasi ni finyu, na fundi mwenye haraka atakuambia haina haja. Ina haja. Plagi zenyewe ukizitoa zisome: chembe ndogo za alumini zinazong'aa kwenye kauri nyeupe ni vipande vya pistoni.

Kisha tafuta uvujaji wa hewa, maana Forester nyingi za umri huu zinavuja mahali fulani na mwenyewe hajui. Tengeneza kifaa: kifuniko cha bomba la PVC kinachoingia kwenye mpira wa hewa unaoelekea turbo, mara baada ya sensa ya hewa ya MAF, na valvu ya tairi iliyochomekwa katikati ya kifuniko. Ziba kwanza mpira wa kupumulia injini unaorudi kwenye njia hiyo, vinginevyo mgandamizo utaingia kwenye tumbo la injini na kusukuma sili za oili nje. Kaza klipu, jaza upepo taratibu hadi bar 0.7, usipite 1. Pulizia maji ya sabuni kwenye viungo vyote. Angalia hasa paipu ya plastiki yenye umbo la Y inayotoka turbo kwenda intakula (kipoza hewa ya turbo), midomo ya mipira ya intakula, na ile paipu ya kuingizia turbo inayopita chini ya manifoldi, ambayo kwa joto la miaka 15 na zaidi inakauka na kupasuka mahali pasipoonekana.

Mahali panapovuja panabadilisha ugonjwa. Tundu likiwa baada ya turbo, hewa iliyokwisha kupimwa na MAF inatoka nje, kompyuta inamwaga mafuta ya hewa isiyokuwepo, gari linakwenda zito na kutoa moshi mweusi. Tundu likiwa kabla ya turbo, hewa ambayo haikupimwa inavutwa ndani, mafuta yanakuwa machache kuliko hewa, na hilo ndilo linaloyeyusha pistoni. Kwa sababu hiyo hiyo usifunge blowofu inayotema hewa nje. Mlio wake ni ile hewa iliyopimwa ikitupwa, na kila ukibadilisha gia injini inazama kwenye mafuta. Ile ya kiwandani inayoirudisha hewa kabla ya turbo inafanya kazi vizuri hata kwa busti zote nitakazozitaja hapa. Filta ya koni nayo inabadilisha jinsi hewa inavyopita mbele ya sensa, hivyo kipimo cha MAF kinadanganya, na ikiwa ni ya kupakwa oili, ukungu wake unachafua waya wa sensa. Boksi la filta la kiwandani lenye filta ya karatasi mpya linatosha.

Mafundi wa oili wanasikilizwa kuliko wote, na wanastahili. Kati ya alama ya juu na ya chini ya dipstiki ya EJ kuna takriban lita 1, na injini nzima inabeba lita 4 na kitu. Gari linalokula oili kidogo, likiendeshwa kwa nguvu kwenye kona ndefu huku limefikia alama ya chini, linavuta hewa badala ya oili, na beringi za konrodi zinakufa. Pima kila unapojaza tangi. Badilisha kila kilomita 5,000 kwa oili halisi ya sintetiki ya 5W-40, kwa joto letu. Jambo moja ambalo gereji nyingi hulipita: ndani ya boliti zinazoshikilia paipu nyembamba ya oili iendayo kwenye turbo kuna kichujio kidogo cha waya. Kinaziba kwa masizi ya oili iliyochelewa kubadilishwa, turbo inakauka, shafti inakatika. Ukinunua gari usilolijua historia yake, fungua boliti hizo, safisha au badilisha vichujio, weka washa mpya. Ukifunga turbo mpya bila kugusa hapo, itakwenda njia ile ile.

Upande wa maji, kumbuka injini hizi za turbo zina vifuniko viwili vya mgandamizo, kimoja kwenye rejeta na kingine kwenye tangi dogo lililo juu ya injini karibu na turbo. Havifanani na havibadilishani nafasi. Kulanti hujazwa kupitia tangi hilo la juu ili hewa itoke. Maji ya bomba yanaozesha alumini ya ndani. Taiming belti kwa ratiba ya Japani ni kilomita 100,000, na kwa gari lililotumika, ambalo huna ushahidi wa lini ilibadilishwa, hesabu kwamba haijabadilishwa. Badilisha pamoja na tenshena, roli zake zote na pampu ya maji, kwa sababu belti ikikatika valvu zinakutana na pistoni.

Mwisho wa vipimo ni kusoma kompyuta ikiwa kazini. Laptopu, programu ya bure ya RomRaider na kebo inayoongea lugha ya Subaru vinatosha. Kidude cha bei poa cha Bluetooth mara nyingi hakielewani na kompyuta za SG5 za Japani. Rekodi IAM, marekebisho ya kugonga, busti, joto la hewa na marekebisho ya mafuta. Marekebisho ya mafuta yakiwa ndani ya asilimia 5 juu au chini, vizuri. Yakivuka 10, rudi kwenye maji ya sabuni.

Mpira na breki ndiyo kasi unayoitumia kila siku

Seti ya matairi mazuri itabadilisha gari hili kuliko egzosti yoyote. SG5 nyingi zilikuja na 215/60R16, SH5 na 215/65R16 au 225/55R17. Rimu ni za boliti tano kwa PCD (kipenyo cha duara la boliti) milimita 100, tundu la katikati milimita 56.1, ofseti ya kiwandani karibu 48, nati za M12 kwa uzi wa 1.25. Ukinunua rimu yenye tundu la katikati kubwa zaidi, dai ringi za kujazia, vinginevyo usukani utatetemeka kwenye kilomita 100 kwa saa na utamlaumu fundi wa balansi bure. Inchi 17 ndiyo rimu ninayoipendekeza kwa barabara zetu. Inchi 18 na tairi la 45 ni kupeleka rimu kwenye mashimo ikapinde.

Kanuni isiyokiukwa ya Subaru ni matairi manne yanayolingana. Tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi milimita 6 hivi. Kununua mawili mapya na kuacha mawili yaliyolika kunaifanya klachi ya kugawa nguvu mbele na nyuma isuguane muda wote, inachemka na kuungua, na dalili yake ya kwanza ni gari kugoma na kurukaruka unapokata kona kali polepole. Matairi mitumba ya chapa tofauti kwenye magurudumu manne yanagharimu giaboksi.

Breki: anza na maji yake. DOT 3 mpya inachemka kwa nyuzi 205, na ikishafyonza unyevu inashuka hadi karibu 140. DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Ukishuka Kitonga au mteremko wa Mai Mahiu gari likiwa limejaa watu na mizigo, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama pedali itabaki ngumu au itazama sakafuni. Lita 1 ya DOT 4 iliyofunguliwa siku hiyo inatosha kusafisha mfumo mzima. Kisha pedi nzuri na diski zenye unene halali. XT ya SG5 ina kalipa za pistoni mbili mbele na diski za milimita 294. Kalipa za pistoni nne za Subaru, zile zilizotoka kwenye Impreza, zinakaa kwenye diski za 294 bila uchongaji, na ni ongezeko linalostahili. Brembo za STI zinataka diski za milimita 326 na rimu ya 17 yenye nafasi. Zikiwa mitumba, kagua sili za pistoni kabla hujalipa.

Pedi mpya zizoeshe: punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 15 kwa saa mara 8 hadi 10 mfululizo bila kusimama kabisa, kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki ili zipoe. Ukisimama na kubana pedali zikiwa na moto, pedi inaacha alama kwenye diski na breki zinatetemeka.

Kwenye shokapu kuna mtego wa SG5. Nyingi zina shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe, na springi zake ni laini kwa sababu shokapu inabeba sehemu ya uzito. Zikichoka, makalio ya gari yanashuka. Ukifunga shokapu za kawaida, za KYB kwa mfano, ukaacha springi zile laini, gari litabaki limekaa chini nyuma. Badilisha springi pamoja na shokapu. Usishushe gari. Uwazi wa chini wa karibu milimita 200 ndio unaopita matuta yetu, na kwenye springi fupi shokapu inagonga mwisho wake kila tuta. Pesa hiyo iende kwenye bushi za mikono ya mbele, linki mpya, na stabilaiza ya nyuma ya milimita 22 badala ya 20. Ugumu wa fimbo unakua kwa kipenyo kilichopandishwa mara nne, hivyo hizo milimita 2 ni ongezeko la karibu asilimia 46, na ndilo linaloondoa ile tabia ya pua kukataa kugeuka. Usipite 22 bila kuimarisha vishikizo vyake, vinapasuka. Maliza kwa alaimenti.

Sasa nguvu

Kama vipimo vyote vimepita, pakia geji tatu kabla ya kifaa chochote cha nguvu: busti, shinikizo la oili, na waidibendi ya kupima uwiano wa hewa na mafuta kwenye egzosti. Oili ikiwa na moto kabisa, tarajia karibu bar 1 injini ikiunguruma bila kukanyaga ekseleta na zaidi ya bar 3 kwenye mizunguko 5,000. Ikishuka chini ya hapo, nguvu isubiri.

Ongezeko lenye faida kubwa kuliko yote kwa EJ205 ni furushi moja lisilogawanyika: daunipaipu (paipu ya egzosti inayotoka turbo) ya milimita 76, pampu ya mafuta ya lita 255 kwa saa au zaidi, plagi mpya halisi zenye pengo la milimita 0.7, na ramani mpya ya kompyuta iliyoandikwa kwa gari hilo, kwa mafuta ya mji huo. Usilichukue nusu. Daunipaipu pana inaondoa kizuizi baada ya turbo, busti inapanda yenyewe na westigeti ndogo, valvu inayopitisha moshi pembeni ya turbo, inashindwa kuizuia. Bila ramani mpya kompyuta itakata mafuta ghafla, au mbaya zaidi, haitakata. Fundi akikufungia daunipaipu Jumatatu na mtu wa ramani anapatikana Ijumaa, siku zile nne gari lipumzike au liendeshwe kwa mguu mwepesi, nje ya busti. Chagua daunipaipu yenye katalisti (kisafisha moshi) ya matundu mapana. Hasara ya nguvu ni ndogo, na abiria wa nyuma hawavuti moshi. Kwenye matoleo kadhaa ya injini hizi kuna katalisti nyingine kwenye paipu inayopanda kwenda turbo. Ikizeeka inamomonyoka na vipande vinaingia kwenye feni ya turbo. Hiyo itolewe.

Siku ya ramani, nenda na tangi lililojaa kutoka kituo utakachokitumia siku zote. Kwa mafuta yetu, busti ikiwa kamili, waidibendi isome kati ya 10.8 na 11.2. Pwani, TD04 itashika bar 1.0 hadi 1.1 katikati ya mizunguko na kushuka kadiri unavyokaribia mwisho, kwa sababu turbo imeishiwa pumzi. Acha ishuke. Anayeilazimisha ishike bar 1.1 hadi mizunguko 6,500 anapuliza hewa ya moto tu. Tarajia ongezeko la hosipawa 20 hadi 40 hivi na mvuto mkubwa zaidi kati ya mizunguko 3,000 na 5,000, ambapo barabara kuu inautaka unapolipita lori. Usishindane kwa karatasi za mashine za kupimia nguvu: zile zinazorekebisha namba kwa mwinuko kwa hesabu ya injini isiyo na turbo zinaipa Forester ya Nairobi hosipawa ambazo haina. Magari ya Japani hufungwa mwendo kwenye kilomita 180 kwa saa, na mwandika ramani atauliza kama aufungue. Kabla hujajibu, soma herufi ya tairi lako. H ni mwisho 210, T ni 190.

Kidhibiti busti cha mkono, kile cha kuzungusha skrubu, kiache dukani. Kinapandisha mgandamizo huku kompyuta haijui, muda wa cheche na mafuta vikibaki vya zamani. Vile vidude vya kuchomeka vinavyoahidi nguvu kwa dakika mbili havifanyi lolote la maana.

Intakula ya juu inapata joto kwenye foleni, na dakika za kwanza baada ya foleni gari linakuwa zito. Kabla ya kununua kubwa, angalia sponji inayozunguka tundu chini ya boneti. Ikiwa imeoza, hewa inapita pembeni badala ya kupenya intakula, na kuirudisha ni kazi ya gundi na mpira. Kifaa cha kutenganisha oili na hewa kwenye njia ya kupumulia injini nacho ninakipenda, kwa sababu mvuke wa oili unaoingia kwenye silinda unapunguza oktani, na sisi hatuna oktani ya kupoteza.

Baada ya hapo, kwa pistoni za kiwandani, ninasimama. Turbo ya VF au TD05, injekta kubwa, intakula ya mbele, vyote vinafungika, lakini kuanzia hapo unahitaji pistoni za kufua, na giaboksi ya mkono ya gia tano inaanza kupoteza meno ya gia ya tatu kwa anayeachia klachi kwa fujo. Mtu anayetaka hosipawa 300 za kudumu ni bora auze SG5 atafute SG9 ya STI au S-Edition, halafu aifanyie haya haya ya mwanzo.

Automatiki ya gia nne inavumilia furushi nililolitaja kama ikipozwa. Funga rejeta ndogo ya oili ya giaboksi, na badilisha oili yake kila kilomita 40,000, kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha kizazi chako, maana SG5 na SH5 hazitumii oili moja. Kwa wenye SJG: FA20 inaitikia ramani vizuri mno, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu mnyororo wa CVT una kikomo cha mvuto. Mwandika ramani apunguze mvuto wa mizunguko ya chini na kuacha nguvu ipande juu. Na kwa kuwa mafuta hayaoshi valvu za kuingizia hewa, masizi hujijenga pale, na kuyasafisha kwa kupuliza maganda ya jozi (walnut) yaliyosagwa kunarudisha nguvu iliyopotea bila kuongeza kifaa.

Ramani ikishawekwa, omba nakala ya faili ya kiwandani na ya mpya. Endesha kilomita 500 kwa kawaida, kisha rekodi tena: IAM iwe kamili, waidibendi isitoke kwenye 10.8 hadi 11.2, marekebisho ya mafuta yawe ndani ya 5. Kagua nati za daunipaipu, zinalegea kwa joto la mwanzo. Na kama ramani iliandikwa Nairobi na safari ya kwanza ndefu ni Mombasa, chukua laptopu. Ukifika Voi hewa imeshakuwa nzito na ya moto, na turbo inapata busti kirahisi kuliko ilivyozoea. Simama, rekodi mvuto mmoja wa gia ya tatu kwenye kipande cheupe cha barabara kisicho na magari, soma marekebisho ya kugonga kabla ya kuendelea. Yakionekana, endelea kwa nusu ekseleta, na ukifika pwani muombe aliyeandika ramani apunguze busti au muda wa cheche kwa hewa ya huko.